Kidole cha Perpetua

Jumapili moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ingawa ningependa kuisahau. Ni siku niliyomcheka mke wangu Perpetua mbele ya watu.

Tulikuwa bado vijana, tunalima mpunga hapa Katindiuka. Kigango chetu, kanisa dogo la hapa, kilipopata kinanda kipya, kile cha zamani cha betri tulipewa sisi. Baba mkwe, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisani kwao Mahenge, alikuja kutufundisha. Alitazama vidole vyetu vilivyokakamaa kwa jembe na palizi, akaona hakuna hata mmoja wetu atakayeweza kubonyeza sauti tatu kwa mkono mmoja. Akatugawia. Mimi nilipewa do, Perpetua mi, na binti yetu Leokadia so. Tukibonyeza pamoja, kinanda kinaitikia kama kwaya nzima. Wimbo ukigeuka, kila mmoja anaruka vibonyezo viwili vyeupe na kubonyeza cha tatu. Ni hayo tu. Familia nzima tulikuwa mkono mmoja wa mpiga kinanda.

Mzee akarudi kwao, tukaendelea wenyewe. Jumapili hiyo wanakwaya wenzangu walipita nyumbani baada ya misa, nikataka kujionyesha. Wimbo ukageuka, Perpetua akaruka kibonyezo kimoja badala ya viwili. Akarudia, akakosea tena. Nikasema kwa sauti, "Mama Leokadia, hapo si shambani! Unatafuta gugu gani?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye pia alicheka. Kisha akasema, "Ngoja nikaangalie wali usiungue." Hakurudi kukaa kwenye kinanda, si siku hiyo wala miezi iliyofuata. Nikimwita ananijibu kwa upole, "Pigeni tu, Baba Leokadia. Mikono yangu ni ya jembe." Nami sikumwomba radhi. Nilijiambia ule ulikuwa utani, na kwamba mtu akicheka basi hajaumia. Nilijidanganya, maana jioni nilikuwa namsikia akiimba sehemu yake kule jikoni, taratibu, akidhani hatusikii.

Baada ya mavuno baba mkwe akaja tena. Tulipokwisha kumwamkia, akaomba tumpigie. Tukapiga, mimi na Leokadia, do na so. Mzee akainamisha kichwa.

"Mbona wimbo wenu una njaa?"

"Mama Leokadia ana kazi jikoni, baba," nikasema.

"Babu, baba alimcheka," Leokadia akasema.

Nilitamani ardhi inimeze. Mzee hakupandisha sauti. Alisema tu, "Basi nenda jikoni, mkwe. Si mimi niliyemfukuza."

Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikachuchumaa.

"Nisamehe. Nilitaka watu wacheke."

"Si walicheka?" Macho yake hayakutoka kwenye ungo.

"Walicheka. Na mimi nilicheka. Nisamehe, mama."

Akatupa chuya mbili tatu. "Na nikikosea tena?"

"Nitakungoja."

"Haya. Anza kungoja sasa, nimalize ungo huu."

Mwanangu, sijawahi kuona ungo wenye mchele mwingi kama ule! Nadhani punje nyingine alizichambua mara mbili. Nami nikangoja palepale, magoti yakiniuma. Alipomaliza alifuta mikono kwenye kanga, akaja, akaweka kidole chake. Baba mkwe akageukia dirishani, na Leokadia akatabasamu.

Sauti ile ya mi Perpetua aliibonyeza mpaka mwaka jana, alipotutoka. Tangu tumzike, kinanda kilikaa kimefunikwa kanga yake. Wiki iliyopita Leokadia alikuja kutoka kwake Viwanja Sitini pamoja na bintiye Tekla, akakifunua. Mimi na Leokadia tukapiga do na so, na katikati pakabaki pakavu. Nikashindwa kuendelea. Tekla akajipenyeza kati yetu, akabonyeza mi. Wimbo ulipogeuka akaruka kimoja badala ya viwili, palepale alipokosea bibi yake.

Akanitazama. "Babu, mbona husemi kitu?"

"Nakungoja, mama."

Akahesabu kwa midomo, akapata.

Basi nakuambia, mwanangu: mtu wa nyumbani kwako akijifunza jambo, usimfanye kichekesho cha wageni. Anayecheka pamoja nao huenda anatafuta njia ya kuondoka. Ukikosea, mfuate jikoni siku hiyohiyo. Mimi nilisubiri msimu mzima, na leo ningetoa mavuno yangu yote nirudishiwe jioni zile alizoimba peke yake jikoni.

Mungu akupe nyumba yenye sauti nyingi. Akupe subira wakati wanapokosea, na siku atakapomwita mmoja wenu, pawe na kidole kidogo cha kushika nafasi yake. Amina.