Ndege wa Manyoya Saba

Watu walimwita Mama Lenzi. Chumba chake cha kazi alikitumia pamoja na mdogo wake: upande wa mlango mdogo wake akishona nguo, upande wa dirisha yeye akitazama sarafu za kale. Ndiyo, kutazama. Wanachama wa chama cha wakusanyaji sarafu walimletea zile walizozitilia shaka, naye alizigeuza chini ya mwanga wa asubuhi mpaka azielewe.

"Wenzako wanafanya kazi," mdogo wake alimtania, "wewe unakodoa macho tu."

Lakini kukodoa kwenyewe kulikuwa safari. Akishaweka lenzi jichoni, chumba kilisogea mbali. Cherehani ilisikika kama mvua kwenye paa la jirani. Uso wa sarafu uligeuka nchi: nywele zikawa vilima, shavu likawa uwanda uliolainishwa na vidole vya watu ambao hakuna anayewakumbuka. Alitembea humo polepole, bila haraka ya kutoka. Umbo lililopigwa na mtambo huinuka taratibu kutoka kwenye bapa, kama shuka juu ya mtu aliyelala. Lililochongwa baadaye kwa mkono huzama, kingo zake kali, na kando yake huwa na mikwaruzo midogo mahali ambapo mtu alijaribu kusawazisha. Na sarafu iliyochakaa ukingoni huku kope za macho zikiwa kali kama za juzi, hiyo imeguswa na fundi. Alijua hayo kwa sababu ambayo hakuwahi kumwambia mtu.

Jumatano moja akaja mwalimu mstaafu, mzee mrefu aliyebeba kopo la dawa lililofungwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na sarafu ya fedha yenye ndege aliyekunjua mabawa.

"Nataka kuipeleka kwenye maonyesho ya chama," alisema. "Wameniambia lazima uione wewe kwanza. Mimi sina wasiwasi nayo. Alinipa marehemu mke wangu siku nilipostaafu."

Mama Lenzi akainama. Ukingo umelika, tarakimu za mwaka zimefifia, lakini bawa la kushoto lilikuwa kali mno. Kila mstari ulianza kwa kina na kuishia kwa ncha nyembamba iliyopinda kidogo kulia. Mkono mwepesi, akawaza, mkono wa mtu aliyependa kazi yake. Akahesabu manyoya marefu ya bawa. Ndege wa sarafu hiyo huwa na sita. Huyu alikuwa na saba.

Akauona tena mkono wake ulipokuwa kijana, umeshika kalamu ya chuma ya kuchongea.

"Niachie mpaka kesho, Mwalimu," alisema, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Mwalimu alipoondoka, cherehani ikanyamaza. "Dada, mbona umepauka?"

Akamweleza. Zamani, alipokuwa akichonga majina kwenye pete na vikombe vya ushindi katika duka la sonara mmoja, alikuja mteja mpole waliyempa jina la Bwana Taratibu. Alileta sarafu zilizochakaa, akasema, "Wazee wangu hawa, mwanangu. Wachane nywele." Naye akawachana. Akawarudishia kope, nywele, manyoya, akiamini mteja huyo anaziweka kabatini kwake. Miaka miwili ilipita hivyo, kama usingizi mtamu. Kumbe alikuwa akiziuza ghali, kama sarafu ambazo hazijawahi kuguswa na fundi. Alipokuja kusikia, Bwana Taratibu alikwishahama, asijulikane alikokwenda. Aliiweka kalamu chini, akafunga mdomo.

"Basi mwambie imechongwa, yaishe," mdogo wake alisema. "Nani atajua ni wewe?"

"Mimi najua."

"Na wateja wakikimbia?"

"Utanifundisha kushona."

"Wewe? Hata kifungo huwezi!" Wakacheka kidogo.

Kesho yake alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mwalimu. Sebule ilikuwa na viti viwili, kimoja kikiwa na mto ambao ulionekana haujasogezwa siku nyingi. Hakukalia hicho.

"Mwalimu, sitaki kukuzungusha. Sarafu ni ya kweli, lakini bawa limechongwa upya." Akamwekea sarafu kiganjani. "Aliyelichonga ni mimi."

Akampa lenzi, akamwelekeza jinsi ya kuinamisha sarafu mpaka mwanga ukate mistari. Mzee alitazama muda mrefu.

"Unyoya mmoja umezidi," alisema hatimaye.

"Niliuongeza. Upande ule nilimwona kama anasikia baridi."

Mwalimu akaishusha lenzi. "Mke wangu alisema, kati ya sarafu zote za duka alikoinunua, ndege huyu tu ndiye aliyekuwa hai. Kwa hiyo alichokipenda ni mkono wako." Haikujulikana kama analaumu au anashangaa. Akainuka, akamfungulia mlango. "Niache kidogo, mama."

Wiki hiyo Mama Lenzi aliandikia chama barua, akaeleza kila kitu, akaomba waliowahi kununua kwa Bwana Taratibu wamletee sarafu zao azitazame bure. Zililetwa tisa. Sita alizitambua kuwa kazi yake, akaonyesha kila mstari wake bila kujitetea. Mkusanyaji mmoja alimtupia maneno makali mbele ya wateja wa mdogo wake. Mwingine hakukanyaga tena. Mezani kukawa kutupu siku nyingi, na jua likawa likipita pale bila kitu cha kukiangaza.

Mwalimu alirudi baada ya mwezi. Alikuwa ameandika kibao kwa mwandiko wa ubaoni: sarafu halisi, bawa la kushoto limechongwa upya na fundi anayejulikana, bila kusudi la hila.

"Naipeleka hivi hivi," alisema. "Ila watu watauliza, na mimi siwezi kueleza. Twende wote."

Kwenye maonyesho alisimama kando ya meza ile mchana kutwa, akiwapa watu lenzi. Mmoja mmoja waliinama, na mmoja mmoja nyuso zao zikalegea, kama za watu wanaosikiliza kitu cha mbali. Jioni katibu wa chama akamwomba awe anafundisha wanachama wapya.

Alifundisha mle chumbani mwao kwa miaka minane, mpaka macho yalipoanza kuona ukungu. Mwalimu hakukosa darasa hata moja. Aliketi mstari wa mbele na daftari, akiuliza maswali mengi kuliko wote, na mdogo wake Mama Lenzi akalalamika kwamba mzee huyo anamaliza chai yao.