Kioo Juu ya Ufa

Juma lililopita nilikuwa Lushoto, katika bweni la ghorofa la shule moja ya binafsi, mojawapo ya hizi zilizoruhusiwa miaka ya karibuni. Mhandisi kijana wa serikali kutoka Tanga alirudi kukagua nguzo ya zege iliyopata ufa baada ya tetemeko la ardhi. Safari ya kwanza alibandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa huo. Ufa ukipanuka, kioo huvunjika.

Alikikuta kizima. Akatabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akajibu matroni. "Kioo chako tumekitunza. Hiki ni cha nne."

"Cha nne?"

"Vile vilivunjika. Mgeni wa serikali akute vipande? Aibu gani hiyo! Nikabandika vingine."

Mhandisi aliweka kiganja kwenye nguzo, akatazama dari.

"Huko juu wanalala wangapi?"

"Wasichana sitini."

"Leo wasilale humu, mama. Nguzo hii ivikwe kwanza nondo na zege jipya."

Mkaguzi akija, sisi hufagia. Matroni yule alifagia maonyo matatu, na kila jioni wasichana sitini walipanda ngazi kwenda kulala.