Kipande Nilichokitia kwenye Mfuko wa Nepi

Nilirudi kazini mtoto akiwa na miezi minne, nikakuta nimenyang'anywa mashine. Karakana yetu ya Mwembesongo ina mashine moja tu ya kukereza vyuma, na kabla sijajifungua ilikuwa mikononi mwangu. Bosi akanionyesha benchi.

"Unanyonyesha, mama. Akili iko nyumbani. Wewe piga tupa."

Nikapiga tupa, kusugua vyuma kwa mkono. Niliyotaka kumwambia hayaandikiki.

Ijumaa alishuka mzee kutoka milimani, mkulima wa kabichi. Kwa mara ya pili alikuwa anarudisha bushi ya shaba, pete inayoshika ekseli ya pampu yake ya kumwagilia. Ekseli haikuingia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Kabichi zinakauka."

Bosi akasema shaba za siku hizi mbovu. Uongo. Bushi ile nyembamba aliibana moja kwa moja kwenye taya tatu za mashine. Ikibanwa inabonyea, unachonga tundu la duara, ukilegeza taya bushi inajirudi, na tundu linapoteza duara. Nilimwambia.

"Hayo kakufundisha mtoto?" akacheka.

Alipokwenda msikitini, nikavua kanga yangu nikaiweka mbali isinaswe, nikawasha mashine. Nilichukua kipande cha bomba nene la chuma, nikakichonga ndani mpaka bushi ikaingia bila kucheza. Nikatia alama mbele ya taya namba moja, ili kirudi palepale kila mara. Nikakitoa, nikakipasua upande mmoja kwa msumeno. Sasa taya zikikibana, chenyewe kinaikumbatia bushi pande zote sawasawa. Bushi ya tatu ya mzee bosi alikuwa ameshaikata nje, bado tundu. Nikaimaliza.

Mzee akaingiza ekseli. Ikapita taratibu, imeshika. Aliizungusha muda mrefu.

Bosi aliporudi, mzee akamshukuru yeye, naye akapokea.

"Hicho kipande kiweke kwenye shelfu," akaniambia, akikiona bado kiko kwenye taya.

Nikakitia kwenye mfuko wa nepi, nikaondoka nacho.

Wiki iliyofuata wakaja wakulima wengine wawili na bushi zao. Bosi alitafuta shelfu nzima, kisha akaja kwenye benchi langu.

"Mama, kile kipande?"

"Kiko nyumbani. Mimi nikirudi kwenye mashine, nacho kitarudi."

Wakulima walikuwa wanasikiliza. Akaenda akaondoa koti lake kwenye mashine, akalitundika ukutani.

Mpaka leo hajaniomba radhi. Jioni nikimaliza kwenye mashine, kipande nakifuta mafuta, naondoka nacho.