Mtoto Yuko Nasari, Sisi Tuko Nyumbani

Jambo hili nimeliandika mara mbili katika daftari langu na mara mbili nimelikata. Mara ya kwanza nilijifanya mwema mno. Mara ya pili nilimbebesha mume wangu makosa yote, hata yale niliyoyafanya mimi huku yeye amelala. Shule yangu iliishia darasa la tano, kwa hiyo anayesoma anivumilie. Jambo lenyewe ni kwamba kwa majuma kama saba, mimi sina kazi na mume wangu hana kazi, tuliendelea kumpeleka mtoto wetu nasari kila asubuhi, halafu tukarudi nyumbani kujificha.

Tulikuwa tunakaa Busia, upande wa Uganda, enzi za serikali ya jeshi. Mimi nilikuwa muuza vitenge. Asubuhi navuka kwenda upande wa Kenya, jioni narudi. Mume wangu alikuwa mtu wa mashine ya kusaga. Alimimina mahindi juu, akapokea unga chini, na jioni alirudi mweupe kuanzia nywele hadi viatu. Basi askari wakafunga mpaka. Watu wakasema ni siku tatu tu. Juma lilelile dizeli ya mashine ikaisha, na mkanda wa injini ukakatika, ingawa mume wangu anasema mkanda ulitangulia na dizeli ikafuata. Sitabishana naye hapa. Tajiri wake akaenda Tororo kutafuta vyote viwili. Kila baada ya siku chache alituma habari kwamba ameambiwa kesho.

Nasari ilikuwa chumba kimoja kando ya kanisa. Sisi ni Waislamu, lakini hakuna aliyetuuliza, na uji ulikuwa wa wote. Mwalimu alikuwa mama mmoja wa kutoka Nabuyoga, mrefu, mwenye sauti ya kumwamsha mtu aliyezimia. Alikuwa na watoto ishirini na sheria moja, na sheria hiyo aliirudia kila Jumatatu mlangoni.

"Nasari yangu ni ya watoto ambao wazazi wako kazini. Mzazi akikaa nyumbani, mtoto naye akae nyumbani. Nafasi yake nitampa mwingine."

Nafasi ile niliingoja miezi minne. Kabla ya hapo nilikuwa navuka mpaka na mtoto, na siku moja alinichomoka mkononi akaingia chini ya lori kumfuata kuku. Lori lilikuwa limesimama, namshukuru Mungu. Bibi yake yuko Molo, ile ya huku Tororo, naye alishasema wazi, "Mlete, ila ukishamleta usije kunidai. Nitamfanya mkulima." Kwa hiyo tukiipoteza nafasi, mpaka ukifunguliwa nitabaki na kuchagua kati ya biashara na mtoto. Hilo ndilo lililotufanya tuanze kudanganya. Si uvivu. Lakini uvivu nao ulikuja baadaye, nitausema.

Tulifanya hivi. Asubuhi naondoka na kikapu kichwani, juu kitenge kimoja kizuri, chini matambara. Namwacha mtoto, namuaga Mwalimu kwa haraka ya mtu anayechelewa, nashika njia ya soko la upande wetu, kana kwamba bado nina vitenge vya kuuza. Nikipita kona naingia kwenye shamba la muhogo la jirani, nazunguka, naingia kwetu kwa mlango wa nyuma. Mume wangu ananingoja na chai.

Jirani huyo, mama mmoja muuza mandazi, alinikuta shambani kwake juma la pili.

"Wewe nakwenda wapi na hii kikapu ndani ya muhogo yangu?"

"Sokoni, dada."

"Soko imehamia hapa? Basi mimi nataka ushuru."

Akacheka, akaniachia njia, lakini jioni mtaa mzima uliambiwa kwamba kuna watu wamezaa mtoto ili wamlipie mwingine amtazame. Maneno hayo yaliniuma kwa sababu nusu yake ni kweli. Tulikuwa tunapenda ule utulivu. Miaka mitatu sikuwahi kunywa chai ikiwa moto. Miaka mitatu sikuwahi kumsikiliza mume wangu hadi mwisho wa sentensi, na sasa niligundua kwamba sentensi zake ni ndefu na nyingine hazina mwisho. Tulicheza karata. Tuligombana kwa raha, bila mtu wa kutukatiza. Alijaribu kupika, nikamwomba asijaribu tena. Baada ya adhuhuri nilikuwa naanza kumkumbuka mtoto, na hapo ndipo nilipojiona mama kidogo.

Jioni mume wangu ndiye aliyekwenda kumchukua, kama kawaida yake. Ilikuwa hivyo hadi Mwalimu alipomtazama juu chini na kusema, "Baba mtoto, siku hizi unapendeza. Msafi kama bwana harusi."

Alirudi nyumbani mbio. "Ametujua."

"Amekusifu tu."

"Mtu wa mashine hasifiwi kwa usafi."

Wazo la unga lilikuwa langu. Naliandika hapa ili nisije nikalikana. Unga wa mahindi haukuwepo popote, na ungekuwepo tungeula. Lakini tulikuwa na unga wa muhogo kidogo, ule wa chini ya gunia, wenye mchanga. Kila siku kabla hajatoka nilimsimamisha uani nikampiga unga kwa ungo, kichwani, mabegani, kwenye mikono ya shati. Yeye alifumba macho na kunung'unika, "Taratibu, usinimalize, kesho pia nina kazi." Njiani kuku walimfuata. Mtoto naye, akibebwa, alimlamba baba yake shingoni hadi nyumbani. Siku nne mambo yalikwenda vizuri, na nikaanza kujiona nina akili kuliko niliyopewa.

Sasa, mwaka ule ulikuwa mwaka wa kutahiri kwa watu wa mlimani, wa kule Mbale. Kabla ya kukatwa, vijana wao huzunguka kwa ndugu zao wakicheza ngoma, wamepakwa unga mwili mzima. Kundi moja lilikuwa na ndugu Busia, likapita mbele ya nasari na njuga na filimbi, na watoto wetu wote walikwenda dirishani wakakataa kurudi. Hilo sikulijua. Siku iliyofuata nilimpiga mume wangu unga kwa ukarimu kuliko siku zote, kwa sababu gunia lilikuwa linaisha na nilitaka nikung'ute lote. Halafu nikaamua kufuatana naye, na kikapu changu, kama watu wawili waliokutana njiani wakitoka kazini.

Tulipofika, watoto walikuwa nje. Wakamwona. Kitoto kimoja cha kike kikapaza sauti:

"Amekuja wa kutahiriwa!"

Wakamzunguka wote ishirini. Mmoja alipiga mkebe, wengine walipiga miguu chini, wakaimba wimbo ambao maneno yake hawakuyajua. Mtoto wetu ndiye aliyekuwa mbele kabisa, kifua mbele, anaongoza ngoma ya baba yake. Askari wawili waliokuwa wanapita barabarani wakasimama.

"Mzee, wewe ilichelewa sana!" mmoja akasema. "Kimbia, kisu itapoa!"

Wakacheka, wakaenda zao. Mimi sikucheka. Baadaye tu ndipo nilipofikiri: siku zile mtu kukutwa na unga mwingi kuliko wenzake lilikuwa jambo la kuulizwa, na maswali yao hayakuwa ya mlangoni, yalikuwa ya kambini. Tulipita salama kwa sababu tulichekesha. Sijui kama hiyo ni bahati au ni aibu.

Mwalimu akawatuma watoto ndani kwa neno moja. Akamkaribia mume wangu.

"Baba mtoto, leo mmesaga nini?"

"Mahindi, Mwalimu."

Akampitisha kidole begani, akakilamba. "Mahindi haya yana ladha ya muhogo."

"Tulianza na muhogo."

"Mlianza saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Saa mbili ndiyo nawasha moto wa uji. Unajua nimejuaje ni saa mbili, na mimi sina saa? Naisikia mashine yenu. Tuku-tuku-tuku. Busia nzima inaisikia, hata ng'ombe. Sasa ni majuma saba uji wangu unachelewa."

Nilitaka ardhi ipasuke. Majuma saba tulihesabu hatua, tukahesabu unga, na hakuna aliyekumbuka kwamba mashine ina mdomo.

"Kaeni," Mwalimu akasema.

Tukakaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni.

"Walikuwa wazazi kumi na mmoja wanaongoja nafasi," akasema. "Kumi wako nyumbani kama nyinyi, hawanisumbui. Ningewafukuza wote wasio na kazi ningebaki na watoto watano, na mimi mwenyewe ningerudi Nabuyoga kushika jembe. Kwa hiyo nilinyamaza. Lakini amebaki mmoja. Mkunga wa zahanati. Mtoto wake ana miezi saba, anamfunga mgongoni akizalisha watu. Juzi mama mwenye uchungu amelia na mtoto naye amelia, mkunga hakujua ashike nani. Nikiwa na ishirini siwezi kulea mtoto wa mgongoni. Nikiwa na kumi na tisa naweza. Sasa niambieni nyinyi."

Hakuwa amekasirika, na hilo lilinimaliza zaidi. Kwa haki, nafasi ilikuwa ya mkunga. Nililijua hilo palepale. Pia nililiona lile lori, na kuku, na bibi wa Molo na jembe dogo tayari. Nikafungua mdomo, nikasema, "Mpe," kwa sauti ndogo ambayo nadhani nilitumaini asiisikie.

Ningependa kuandika kwamba jibu zuri lilitoka kwangu. Lilitoka kwa mume wangu, huku unga unamwanguka kwenye nyusi.

"Mwalimu, mtoto wa mgongoni anataka mgongo tu. Migongo sisi tunayo miwili, na haina kazi. Wetu abaki hapa. Huyo wa mkunga aje kwetu."

Mwalimu akainuka. "Mkunga akikubali."

Mkunga alikuja jioni ileile kukagua. Alitazama kitanda, akatazama maji ya kunywa, akamfunua mume wangu sikio. "Huyu anaumwa nini?"

"Haumwi, ni unga."

"Aoge," akasema, akakubali.

Basi kuanzia siku iliyofuata nilikuwa natoka nyumbani na mtoto wangu kumpeleka kulelewa, nakutana njiani na mkunga anakuja kwangu na mtoto wake kulelewa. Utulivu wetu ulikufa siku hiyo. Yule mtoto hakulala ila mgongoni mwa mume wangu, tena mume wangu awe amesimama. Akikaa, kelele. Chakula cha mchana nilimlisha amesimama kama farasi. Jirani wa mandazi alichungulia, akaangalia vizuri, akarudi kwake bila neno, na nadhani hiyo ndiyo siku pekee aliyokosa neno. Sheria ya Mwalimu hatukuivunja tena, kwa sababu sasa tulikuwa na kazi, tena ngumu.

Tajiri alirudi kutoka Tororo na dizeli pipa moja na mkanda wa kuungaunga. Asubuhi moja saa mbili tukasikia tuku-tuku-tuku, na mume wangu akanikabidhi mtoto bila hata kumaliza chai. Siku tisa baadaye mpaka ukafunguliwa.

Sikungoja. Nilimpeleka wangu nasari, nafasi yake ikiwa palepale, mkeka wake palepale. Niliporudi kuchukua vitenge nikamkuta mkunga mlangoni kwangu, amechelewa, ameniletea wake. Kumwambia "leo hapana" ningeweza. Nilihesabu kichwani nani amesaidiwa na nani ameumizwa katika mambo haya yote, hesabu ikanishinda, nikageuza mgongo akamfunga.

Hivyo nilivuka mpaka siku ya kwanza na vitenge kichwani na mtoto mgongoni, mimi niliyedanganya majuma saba ili nisivuke na mtoto. Karani wa upande wa pili alinitambua.

"Mama, karibu tena! Ndiyo maana ulipotea, kumbe umejifungua! Wa kiume?"

Nyuma yangu mstari ulikuwa mrefu na watu wanasukuma. Nikasema ndiyo.