Mgeni wa Mwisho wa Bibi Karibu

Dereva wa teksi alikuwa ameshageuza gari nilipoona kwamba nyumba ya wageni aliyonishusha haina kibao. Palibaki matundu ya misumari ukutani. Lilikuwa jumba la ghorofa mbili, ngazi zake za marumaru zimepasuka, na mbele yake ilisimama pikapu iliyobeba godoro, mabegi na kiti cha kubembea.

Mwanamke mwenye ovaroli ya fundi friji alikuwa akikaza kamba. Alilitazama begi langu, akashusha pumzi.

"Usiniambie umekuja kulala."

"Nilipiga simu wiki iliyopita. Bibi mmoja akaniambia karibu."

"Angekuambia nini? Hana neno jingine." Akageukia mlango. "Shangazi, jumba linabomolewa Jumatatu, na wewe bado unapokea wageni?"

Shangazi alitoka na gauni la hariri lenye viraka, lulu shingoni, ndara miguuni. Alinishika kwa mikono miwili, kana kwamba karamu nzima ilikuwa inanisubiri mimi.

"Karibu, mgeni wangu. Chai iko mezani." Kisha akamwambia fundi, "Shusha vitu. Siwezi kuondoka nikaacha mgeni ndani."

Fundi alijibwaga kwenye ngazi, akanisimulia mambo ya shangazi yake huku shangazi mwenyewe akisikiliza na kusahihisha. Mtaani wanamwita Bibi Karibu. Baba yake, mwenye viwanda vya sabuni, alimrithisha majumba matatu, naye akayajaza waimbaji, mabalozi, mabondia, na wapiga picha waliokuwa wakiwafuata nyuma. Sharti lake lilikuwa moja: mwenyeji haondoki kabla ya mgeni, wala hamwambii mgeni aondoke.

Kwenye jumba la kilimani alifikia mpiga piano aliyesema atakaa siku mbili. Akaoa humo, akazaa humo, mwisho akaenda mahakamani akapewa nyumba.

"Na harusi ulimwandalia wewe," fundi alisema.

"Maua tu nilichagua. Mke wake hakujua maua."

Jumba la ziwani lilianza kuvuja. Mafundi wa paa walikaa nje na ngazi zao, siku baada ya siku, kwa sababu wageni walikuwa bado hawajaamka. Dari ilipoanguka ndipo wakaamka. Hili la tatu liliuzwa, na mnunuzi akalifanya nyumba ya wageni, akambakiza mapokezi, maana nani mwingine angepokea watu vile? Sasa mnunuzi naye ameuza.

"Nimeshakuja mara mbili na gari la karakana," fundi alisema, "na mara mbili nimekirudisha kiti kile ndani, eti kuna mgeni. Bosi hanipi gari tena. Wanangu wamekuachia chumba, Shangazi. Unataka tingatinga likukute sebuleni na sinia mkononi?"

Nikasema nitatafuta pa kulala kwingine. Bibi alinitazama kama niliyemtukana.

"Yaani nimemfukuza mgeni?"

Fundi alikuna shingo kwa bisibisi.

"Shangazi, wewe umewahi kualikwa na mtu?"

Bibi alizungusha lulu zake shingoni. "Waliogopa. Nyumba zao zilikuwa ndogo."

"Yangu ndogo kuliko zote. Nakualika. Lakini huwezi kuwa mgeni wangu huku bado ni mwenyeji hapa."

Bibi alikipapasa kishada cha funguo kiunoni. Akakifungua taratibu, akaniwekea kiganjani.

"Mlango wa juu uunyanyue kidogo ndipo ufunguke. Bomba la kulia halitoi maji. Mlinzi atakuja Jumapili kuchukua funguo."

Alishuka ngazi, akasimama chini, hasogei. Fundi alishawasha gari. Ikanichukua muda kuelewa anachosubiri. Nikashuka kama mwenyeji, nikampa mkono, nikamsindikiza hadi mlango wa pikapu.

"Asante kwa kuja," nikamwambia. "Karibu tena."

"Nimefurahi sana," alijibu huku akipanga gauni lake kitini. "Ila chai yenu nyepesi."

Pikapu ikatoka. Nikarudi ndani, nikamimina kikombe. Ilikuwa nyepesi kweli.