Mjane wa Sinema

Shule ya sekondari kule Kitale ilinipa vitu viwili, uji mwepesi na jukwaa. Uji nimeusahau. Jukwaa ndilo lililonifikisha hapa, na sitaki mtu aniambie eti nilijitakia.

Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi Lodwar, nikaolewa na mwanamume wa Kakuma, mfugaji. Kiangazi kikikaza, yeye na mifugo huhamia upande wa Lokiriama. Alinioa akijua kazi yangu. Kikundi chetu cha maigizo kilikuwa kikiigiza sokoni michezo ya kipindupindu na kuchemsha maji, na kwa kuwa tulikuwa wachache, mimi nilikuwa mgonjwa, nikawa nesi, nikawa hata nzi. Siku niliyokuwa nzi alicheka kuliko wote, akawa anawagusa watu mabega: "Huyo nzi ni wangu."

Mtoto wetu akiwa bado ananyonya, akaja mwongozaji wa sinema kutoka Nairobi, viatu vyake vya raizoni, vya soli nene, vikizama mchangani. Alinitazama sokoni nikiigiza mama aliyepotelewa na mwana, akasema uso huu lazima uingie kwenye sinema. Nilimwuliza mume wangu. Akasema, "Nenda. Lakini nami nakuja kuangalia."

Tulipigia picha kwenye mchanga wa mto Turkwel. Nilikuwa mke anayetafuta mbuzi aliyepotea, na nilivaa shanga zangu mwenyewe, zote, na pete ya chuma ya shingoni niliyovikwa nilipoolewa. Nikaita mbuzi. Fundi wa sauti akavua vyombo vyake masikioni. "Dada, shanga zako zinapiga kelele kukushinda wewe."

"Basi azivue," mwongozaji akasema.

"Sivui."

"Kwa nini?"

Nikamweleza polepole, kama anayefundisha darasa la kwanza. Kwetu mke aliyeolewa havui shanga na pete hovyo. Ukimwona ameziondoa zote, shingo tupu, jua mume wake amekufa. Alisikiliza vizuri sana yule mtu. Hata aliuliza mara ya pili ili aelewe. Nilidhani ni heshima.

"Sawa, dada. Nitachukua kuanzia hapa kwenda juu." Aliweka kiganja chini ya kidevu chake. "Shingo haitaonekana. Ni mambo ya sauti tu."

Nilimgeukia mume wangu, aliyekuwa ameketi kivulini mwa lori na mtoto. Alifikiri kidogo. "Kama shingo haionekani, nani atajua? Lete nizishike."

Nikavua. Akazipakata mapajani, mtoto akazitafuna kwa ufizi wake. Niliporudi mbele ya kamera nikijiandaa kuita mbuzi, mwongozaji akanizuia. "Usiite tena. Nyamaza tu, angalia mbali, kama kitu kimepotea kabisa." Nilinyamaza, nikaangalia mbali. Shanga zilivuliwa kwa ajili ya sauti, na picha aliyoitaka haikuwa na sauti. Mimi, mwigizaji mzima, sikuliona hilo.

Sinema ililetwa Kakuma, ikaonyeshwa alasiri katika ukumbi wa misheni, mablanketi yamening'inizwa madirishani, joto la kuivisha nyama. Mume wangu alikuwa Lokiriama na mifugo. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, amejipaka mafuta, akiwaambia wenzake, "Subirini, mke wa mwanangu anatokea ukutani sasa hivi."

Kwanza likatokea kaburi, mawe yamerundikwa. Kisha nikatokea mimi. Kuanzia kifuani kwenda juu, shingo tupu kama ya mbuni.

Mama mkwe alisimama. Kivuli chake kikaangukia uso wangu pale ukutani. "Umemzika mwanangu! Yuko Lokiriama anachunga, wewe unamzika huku!"

"Mama, ni mchezo tu," mtu akamwambia.

"Na shingo ni mchezo? Hiyo ni shingo yake! Naijua!"

Wanawake wakaanza kulia kilio chenyewe, si cha sinema. Nilipenya nje, nikamkuta mwongozaji karibu na jenereta, anakunywa soda.

"Nilikueleza maana yake," nikamwambia.

"Ndiyo, dada, na nakushukuru. Usingenieleza, nisingeipata picha ile. Nairobi walilia."

Nilimpiga kofi. Soda ikamwagikia raizoni. Sijutii, na natamani lingekuwa lile la mkono wa kulia, maana mkono wa kulia ulikuwa umembeba mtoto.

Mume wangu alirudi baadaye, mwembamba, vumbi hadi kwenye kope, mzima kabisa. Habari ilikuwa imemfikia njiani. Alisimama mlangoni akanisalimu kwa lugha yetu, "Ejok. Marehemu anaomba chai." Tulicheka mpaka mtoto naye akacheka bila kujua cha kuchekwa. Nikasema moyoni, mwanamume huyu atasimama nami.

Wazee wakakaa, mama mkwe akiwa amewaita. Mbuzi akachinjwa, nikapakwa taka za tumbo lake kifuani na shingoni ili mkosi utoke. Nilikubali, sikulalamika. Kisha mama mkwe akauliza, "Nani alimruhusu avue?"

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa akichora mchanga kwa kijiti.

"Mimi sikujua," akasema. "Mambo ya sinema ni yake."

Mzee mmoja akanipa maneno mafupi. Kuigiza kuishe, nikae na shanga zangu na mume wangu. Au nikaigize, nirudishe shanga, ndoa iishe.

"Kwanza aseme ni nani alizishika siku ile," nikasema.

Akaendelea kuchora mchanga.

"Sema tu, baba mtoto. Hutakufa."

"Mtoto analia," akanijibu.

Mtoto hakuwa analia. Alikuwa amelala mgongoni kwangu.

Nikaanza na pete. Halafu shanga, moja baada ya nyingine, bado zina unyevu wa tumbo la mbuzi. Mama mkwe alifunika macho. Hakuna aliyeniambia ninyamaze wala niangalie mbali, nami nilimwangalia yeye tu, mume wangu. Nilipomaliza nilimwendea, nikainama, nikaziweka mapajani mwake. Mikono yake ikazikusanya upesi zisianguke, vile vile kama siku ile kivulini mwa lori.