Bei Iliyosomewa Fatiha

"Mama Subira amekula dola za parsele, ile nyumba ya Hamadi," Mamy alisema, ameegemea ukuta kama mtu aliyekuja kuomba chumvi. Na kweli alikuja kuomba chumvi.

Mounira alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, mtoto mgongoni. Hakuacha kutwanga.

"Nani anasema?"

"Nani asiyesema? Bei si tulisikia wote? Elfu kumi na mbili. Juzi Hamadi amepiga simu kwa dada zake kule Nyangwe, analalamika: kwake zimefika kumi tu. Zingine ziko wapi? Na zile kandambili mpya, hujaziona?"

"Kandambili za dola elfu mbili. Basi ni za dhahabu."

"Wewe cheka tu." Mamy akachota chumvi yake, akaendelea na habari yake nyumba ya pili.

Bei waliisikia wote, hilo halikuwa uongo. Mtaani kwao nyumba haiuzwi kwa kunong'onezana. Watu wanakaa barazani, bei inatajwa kwa sauti, wazee wanainua mikono, fatiha inasomwa, chai inazunguka. Kuanzia hapo bei ni ya watu wote, hakuna wa kuikana. Siku ile Mama Subira alikaa kwa niaba ya shemeji yake Hamadi, mdogo wa marehemu mume wake. Hamadi alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, ila sasa yuko Ubelgiji mwaka wa ishirini, na pasipoti yake ni ya huko. Mnunuzi alikuwa Mugisho, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Bukavu. Wiki mbili baadaye Mama Subira na Mugisho walikwenda kwenye biro ya Leta, ofisi ya serikali, kumaliza karatasi. Huko hakukuwa na fatiha wala mashahidi.

Alasiri Mounira akampelekea Mama Subira sahani ya sombe. Alimkuta anafagia uwanja, kwa ufagio uleule uliolika mpaka kubaki kisiki. Miaka kumi na mbili tangu afiwe na mume, alifagia hapo, alifukuza mbuzi wa watu, alimuuguza mama mkwe mpaka akamzika. Sasa nyumba si ya Hamadi tena, na bado anafagia. Mafurushi yake mawili yalikuwa mlangoni. Jumapili pikipiki ingempeleka Wamaza, kwa kaka zake.

"Wamekwisha kukuambia," alisema bila kuinua kichwa.

"Wameniambia, mama."

"Mamy?"

"Mamy. Na habari ya kandambili."

Mama Subira akatazama miguu yake, visigino vimepasuka kama udongo wa kiangazi. "Ni za muke wa Mugisho. Zilimubana." Akacheka kidogo, akaacha, kama vile kucheka nako ni kazi.

Akakaa kizingitini, akatoa karatasi kwenye mfuko wa plastiki.

"Kule biro waliangalia kopi ya pasipoti ya Hamadi, wakasema huyu ni mutu wa inje. Nikawauliza, wa inje namna gani, na kitovu chake kimezikwa pale nyuma ya jiko? Karani akaniambia: mama, kitovu hakina muhuri." Akapumua. "Mutu wa inje akiuza nyumba, Leta haingoji aende na pesa. Itamufuata wapi? Inamwambia mwenye kununua: kata sehemu yetu kwanza, uilipe kwa jina lake, kisha umupe iliyobaki. Mugisho akakata, akalipa, akaniachia hii. Yeye sasa iko machimboni, Lusangi."

"Na Hamadi hukumwambia?"

"Mara tatu. Anasema yeye ni mutoto wa hapa Kasongo, hakuna wa kumwita mutu wa inje. Kisha simu inakatika."

Mounira akaifungua karatasi. Ilikuwa kwa Kifaransa, na yeye aliishia darasa la sita, akaisoma polepole, kidole chini ya mstari. Jina la Hamadi. Uraia wake. Bei, ileile ya barazani. Sehemu iliyokatwa, elfu mbili. Muhuri. Mtoto akanyoosha mkono kuishika. Mama Subira akavibandua vidole vyake kimoja kimoja, taratibu.

"Nimechoka, Mounira. Ingekuwa deni, ningelilipa kwa kulima, hata kwa magoti. Lakini neno hili litapanda pikipiki mbele yangu. Nitashuka Wamaza, litakuwa limekwisha kufika. Nimeosha mama yao kwa mikono hii, na niondoke na jina la mwizi?"

Mounira akaikunja karatasi. Akamsogezea sahani.

Mama Subira hakuigusa. "Kesho Ijumaa. Wakitoka sala watakaa tena pale barazani. Wazee wanasoma Kiarabu, hii hawaiwezi, na mimi sijui kusoma. Bei walitajiwa kwa sauti, na hii itajwe kwa sauti, palepale. Unisomee, mutoto wangu, tangu juu mpaka kwenye muhuri. Usiruke hata namba moja. Na ukifika pale walipoandika kwamba yeye ni mutu wa inje, usipunguze sauti."